Kusafiri Hyrule kwa Macho na Miguu: Mwongozo wa Mchezaji Mpya wa Breath of the Wild

Mchezo wa The Legend of Zelda: Breath of the Wild ulitoka tarehe 3 Machi 2017 kwa mashine za Nintendo Switch na Wii U, na hadi leo wapo wachezaji wanaoingia kwa mara ya kwanza katika nchi yake ya Hyrule wakiwa na mazoea ya michezo mingine: kufungua ramani, kutafuta alama, kisha kukimbia moja kwa moja mpaka kwenye alama hiyo. Mazoea hayo hayafai hapa, kwa sababu ramani ya Hyrule huanza ikiwa tupu, na hata ikishajazwa haikuambii mambo mazuri yamefichwa wapi. Anayeisafiri nchi hii kwa ramani ataimaliza bila kuiona. Mwongozo huu unafundisha njia nyingine, ambayo naamini ndiyo waliyoikusudia watengenezaji wenyewe: jicho litangulie, mguu ufuate, na ramani iwe daftari la kuandikia yale uliyokwisha kuyaona.

Mchezo hauna Kiswahili, kwa hiyo majina ya mahali nitayaacha kama yalivyoandikwa kwenye skrini ili uyatambue ukikutana nayo.

Kabla ya kuondoka: mipangilio ya skrini

Katika mipangilio ya mchezo kuna sehemu ya kuchagua mwonekano wa skrini, wa kawaida au ule unaoitwa Pro. Mwonekano wa Pro huondoa karibu kila kitu isipokuwa mioyo ya uhai: ramani ndogo ya pembeni, kipimajoto, kipimo cha kelele za nyayo zako na utabiri wa hali ya hewa vyote hutoweka, nawe ukabaki na nchi tupu mbele yako. Nakushauri uanze na mwonekano wa kawaida kwa saa chache za mwanzo, mpaka utakapofahamu baridi inaanza kukuuma kwenye kimo gani na hatua za kunyata zinasikika kiasi gani, kisha ubadilishe. Ukianza na Pro siku ya kwanza, utakufa kwa baridi bila kujua kilichokuua. Ukibaki na mwonekano wa kawaida siku zote, macho yako yataganda kwenye ile ramani ndogo, na mlima mzima utakupita upande wa kushoto bila kuuona.

Vilevile, kibao cha Sheikah anachokibeba Link, shujaa unayemwongoza, kina kihisi kinacholia unapokaribia kihekalu, yaani jengo dogo la majaribio, ambacho hujakigundua. Kizime. Kinasaidia mwishoni, unapotafuta vihekalu vichache vilivyokuponyoka, lakini mwanzoni kinakufanya utembee kwa sikio ukizunguka-zunguka, badala ya kuuliza kwa nini jiwe lile limekaa peke yake kileleni.

Hatua ya 1: Usiharakishe kushuka Great Plateau

Link anazinduka ndani ya pango, anatoka nje, na nchi yote inatandazwa mbele yake. Mahali aliposimama ni Great Plateau, uwanda ulioinuka na kuzungukwa na ukingo mrefu wa magenge, ambao huwezi kuushuka salama mpaka upate tanga la kupeperukia. Mzee anayekaa hapo atakupa tanga hilo ukishamaliza vihekalu vinne vya uwandani. Wachezaji wengi hukimbilia kuvimaliza ili watoke. Mimi nasema kaa. Kila sheria ya nchi nzima imewekwa hapa katika sura ndogo: kuna msitu wa kuwinda, kuna mto, kuna magofu yenye mitambo inayorusha miali, na kuna mlima wa theluji ambapo mavazi ya kawaida hayatoshi.

Mlima huo wa theluji ndio darasa bora zaidi. Unaweza kuupita kwa njia kadhaa, na hakuna anayekulazimisha kuchagua mojawapo: kupika pilipili ambazo hukupa joto kwa muda, kushika mwenge unaowaka mkononi, au kumpikia mzee chakula alichokisahau jinsi ya kukitengeneza naye akakupa koti lake la joto. Jaribu zaidi ya njia moja. Anayefahamu mapema kwamba mwenge ni silaha, ni taa na ni moto wa kuotea hatakwama baadaye katika mkoa wa Hebra, ambako baridi ni kali kuliko hapa.

Kila kihekalu hukupa tufe moja la roho, na matufe manne hubadilishwa mbele ya sanamu ya mungu wa kike kwa moyo mmoja wa ziada au kwa sehemu ya pumzi ya ziada. Link huanza na mioyo mitatu na duara moja la pumzi, lile la kijani linalopungua anapokimbia, anapopanda, anapoogelea na anapopeperuka. Kwa mtu anayekusudia kusafiri, mabadilishano ya kwanza yawe ya pumzi, na ya pili vilevile. Moyo hukusaidia unapopigwa, na mara nyingi msafiri mwangalifu anaweza kuepuka kupigwa. Lakini mlima huwezi kuuepuka.

Hatua ya 2: Panda, tazama, weka alama, ndipo ushuke

Hii ndiyo hatua iliyobeba mwongozo mzima, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Ukifika mahali popote pageni, tafuta kwanza kimo: mnara, kilima, paa la gofu, hata mti mrefu. Simama juu yake na ubonyeze kijiti cha kulia cha pedi ili kufungua darubini ya kibao. Zunguka polepole duara zima. Kila unachokitamani unaweza kukiwekea alama ya rangi papo hapo kupitia darubini, na alama hizo ni tano tu kwa wakati mmoja. Uchache huo ni msaada mkubwa, kwa sababu unakulazimisha kuchagua. Mnara na kihekalu ambavyo havijaguswa hung'aa kwa rangi ya chungwa, na usiku mng'ao huo huonekana kutoka mbali sana. Kwa hiyo upandaji wa jioni una faida yake, kwamba unatazama nchi mchana, unasubiri giza liingie, kisha unatazama tena na kuona yale ambayo jua lilikuwa limeyaficha.

Utafute nini zaidi ya mng'ao? Tafuta kitu kisichokaa sawasawa na mazingira yake. Jiwe moja kwenye ncha ya kilele, ambapo hakuna mawe mengine. Duara la mawe lenye pengo. Duara la mayungiyungi bwawani. Safu ya sanamu zenye mabakuli ya sadaka, na bakuli moja halina tunda. Moshi, maana moshi ni kambi, na kambi ni ya watu au ya maadui wanaoitwa Bokoblin. Ndege wanaozunguka mahali pamoja. Nyuma ya mengi ya hayo hujificha viumbe wadogo wa msituni waitwao Korok, ambao wapo 900 nchi nzima, na kila mmoja hukupa mbegu ya kupanulia mfuko wako wa silaha, pinde na ngao. Usijaribu kuwakusanya wote. Mbegu 441 zinatosha kupanua mfuko hadi mwisho, na hata hizo si lazima. Thamani ya Korok kwa msafiri ni kwamba wanamfundisha kutazama.

Yafaa ufahamu pia jinsi ardhi yenyewe ilivyotengenezwa, kwa sababu imetengenezwa ili ikuvute. Mwaka 2017 wabunifu wa Nintendo walieleza kwamba waliijenga nchi hii kwa umbo la pembetatu. Mlima mkubwa ni pembetatu inayoonekana kutoka kila upande, nayo hukupa mwelekeo. Kilima cha kati ni pembetatu inayoziba kilicho nyuma yake, nawe unalazimika kuamua kama utakipanda au utakizunguka, na kwa vyovyote kitu kipya kitajitokeza kidogo kidogo kadiri unavyosogea. Mawe na vichuguu vidogo ni pembetatu za kubadilisha mwendo wa hatua zako. Ukishalijua hili, swali la msafiri hubadilika. Hutajiuliza tena uende wapi. Utajiuliza kilima kilicho mbele yako kinaficha nini, na swali hilo lina jibu dakika mbili mbele.

Kisha chora njia kwa macho kabla ya kuondoka: nitapeperuka mpaka pale kwenye daraja, nitafuata mto mpaka penye miti mitatu, nitapanda kutokea upande wa mashariki ambako kuna sehemu za mlalo za kupumzikia. Ukishuka chini, miti na vilima vitakufungia mwonekano, na alama zako za rangi ndizo zitakazokukumbusha ulichokiona ukiwa juu.

Hatua ya 3: Mzigo wa msafiri

Chakula kwanza. Chungu kinapokea viungo visivyozidi vitano, na kanuni moja inatosha kukuokoa na hasara: usichanganye viungo vyenye athari mbili tofauti, kwa mfano cha joto na cha pumzi, maana athari zote mbili hufutika na ukabaki na chakula cha kawaida. Dawa hupikwa kwa wadudu, vyura au mijusi pamoja na viungo vya maadui uliowashinda. Chakula hupikwa kwa mimea, nyama, samaki na matunda. Kwa safari ya wastani beba vyakula viwili vya pumzi, viwili vya baridi, viwili vya joto na vitatu vya kuponya. Viungo ambavyo jina lake huanza na neno Hearty hukujazia mioyo yote na kukuongezea mingine ya muda, hata ukipika kimoja peke yake. Kimojawapo ni doriani, ambayo msomaji wa Unguja ataitambua bila kuhitaji maelezo. Hupatikana kwa wingi juu ya uwanda ulio karibu na mnara wa Faron, na safari moja ya huko inakupa akiba ya kutembelea nchi nzima.

Beba pia kuni na mawe ya moto, kifurushi kimoja kimoja cha kuni kwa kila usiku unaotarajia kulala nje. Beba silaha moja ya mbao na ngao moja ya mbao. Sababu utaiona kwenye hatua ya hali ya hewa. Fedha ya Hyrule huitwa rupia, jina ambalo mababu wa pwani yetu walilitumia kabla ya shilingi, na msafiri hahitaji nyingi: kitanda cha kawaida katika kituo cha farasi ni rupia 20.

Hatua ya 4: Kupanda na kupeperuka

Karibu kila kitu katika Hyrule hupandika, isipokuwa kuta za ndani ya vihekalu na sehemu chache nyingine. Kosa la wachezaji wapya ni kuruka-ruka wakiwa ukutani wakidhani wanawahi. Kila mruko hula pumzi nyingi, kwa hiyo utumie mwishoni tu, pale ukingo unapokuwa karibu na duara limebakiza kiasi kidogo. Kabla ya kuanza, tazama genge lote na utafute sehemu zenye mlalo ambapo Link anaweza kusimama kwa miguu yake. Hapo pumzi hujaa tena, na kutoka kituo hadi kituo unaweza kuupanda hata mlima ambao kwa mkupuo mmoja ungekushinda. Ukikwama katikati huku duara limegeuka jekundu, fungua mfuko: mchezo husimama, ule chakula cha pumzi, kisha uendelee. Kitambaa cha kichwa kinachoongeza kasi ya kupanda kimo ndani ya kihekalu cha Ree Dahee, katika bonde linaloupasua mlima wa Dueling Peaks, na kwa kuwa utapita hapo mapema, usikiache.

Kuhusu tanga, Link hulishika kwa mikono miwili na kuelea nalo kama kishada. Lifungue na kulifunga kwa vipindi badala ya kulishikilia muda wote: ukilifunga unaanguka kidogo bila kutumia pumzi, ukilifungua unasonga mbele. Nyasi kavu zikiwashwa moto hutoa hewa ya moto inayopanda, na ukifungua tanga juu yake itakuinua. Njia hiyo hukutoa bondeni bila kupanda hata hatua moja.

Hatua ya 5: Hali ya hewa iheshimiwe

Mvua ndiyo adui mkubwa wa msafiri kuliko jeshi lolote. Ukuta ukilowa, Link huteleza kila baada ya hatua chache, na pumzi iliyotosha mlima mzima haitoshi tena hata nusu yake. Nilipokuwa mgeni nilipambana na mvua kwa ukaidi, nikipoteza robo saa kwenye genge ambalo likikauka hupandwa kwa dakika moja. Usifanye hivyo. Tafuta mwamba uliojitokeza kama paa, washa moto chini yake, na uketi mpaka asubuhi au adhuhuri. Au badilisha njia, uzunguke mlima kwa miguu, maana mara nyingi mzunguko huo una kitu ambacho mpanda milima asingekiona.

Katika ngurumo, chuma huita radi. Upanga, ngao au upinde wa chuma ulioubeba mgongoni utaanza kutoa cheche, na ukizipuuza radi itakupiga. Fungua mfuko uvue kila cha chuma na ushike vile vya mbao nilivyokuambia ubebe. Ukiwa na adui mbele yako, unaweza kumtupia upanga unaotoa cheche, radi ikamshukia yeye.

Katika jangwa la Gerudo mambo ni mawili kwa siku moja: mchana joto, usiku baridi, kwa hiyo safari ya huko inahitaji chakula cha aina zote mbili. Death Mountain, mlima wa volkano, ni jambo la tatu kabisa. Huko hewa yenyewe huwasha moto vitu vya mbao, mishale ya mabomu hulipuka ukiitoa tu, na vyakula vya kupunguza joto la jangwani havikusaidii chochote. Unahitaji dawa ya kuzuia moto au mavazi yanayouzwa Goron City. Wengi huchanganya joto la aina hizi mbili na kufa njiani wakiwa na mfuko uliojaa chakula kisicho sahihi.

Hatua ya 6: Farasi na barabara

Farasi mwitu unamkaribia kwa kunyata kutoka nyuma, unampanda, kisha unamtuliza kwa kubonyeza mara kwa mara mpaka akubali. Wenye madoadoa kwa kawaida ni wapole, wa rangi moja ni wakali na wanahitaji pumzi zaidi. Mpeleke kwenye kituo cha farasi umsajili kwa rupia 20. Unaweza kusajili watano. Farasi aliyekuzoea hufuata barabara mwenyewe bila kuongozwa, na hiyo ndiyo sababu yangu ya kumpenda: mikono yako inapumzika, na macho yako yako huru kutazama pande zote. Lakini mwitiko wake una mpaka, kwa kuwa hukusikia ukipiga mluzi ukiwa karibu tu. Haendi kwenye mchanga wa jangwa, wala kwenye miteremko mikali. Kwa sababu hiyo farasi ni wa kusafiria kati ya mikoa, na miguu ni ya kuchunguzia ndani ya mkoa.

Katika kila kituo zungumza na wasafiri uliowakuta, hata wale wanaoonekana hawana la maana. Kuuliza si ujinga, na hapa ni sehemu ya safari: mmoja atakutajia mlima unaong'aa usiku fulani fulani, mwingine atakuelekeza kwenye chemchemi, wa tatu ataimba kitendawili cha kihekalu kilichojificha.

Hatua ya 7: Safari ya kwanza, kwa mfano

Ukishapata tanga, simama kwenye ukingo wa mashariki wa Great Plateau. Utaona mlima uliopasuliwa katikati kana kwamba kwa panga. Huo ni Dueling Peaks, na ndiko unakoelekezwa. Mchezo unakuruhusu kugeuka kaskazini na kwenda moja kwa moja kwenye kasri la Hyrule kumkabili Ganon, adui mkuu wa mchezo, ukiwa na mioyo mitatu, na wapo waliofanya hivyo, lakini uwanda wa kaskazini una mitambo ya Guardian inayotembea, na mwali wake mmoja unatosha kukumaliza. Ukimulikwa na mstari mwekundu na kusikia mlio unaoharakisha, jifiche nyuma ya ukuta au mwamba mara moja. Uachie uwanda huo safari ya baadaye.

Peperuka kuelekea mashariki, fuata barabara, panda mnara wa Dueling Peaks. Minara ipo 15 nchi nzima, na kila mmoja hujaza sehemu yake ya ramani kwa milima, mito na barabara, ila haukuonyeshi vihekalu. Ndiyo maana ukifika juu ya mnara usikimbilie kutazama ramani mpya. Rudia hatua ya pili, darubini na alama tano. Baada ya hapo pita bondeni kati ya vilele viwili, ingia Ree Dahee, na utokee kwenye kituo cha farasi upande wa pili. Lala hapo. Kesho yake barabara ya kaskazini itakufikisha kijiji cha Kakariko, na njiani utakutana na Hestu, Korok mkubwa anayepokea zile mbegu. Barabara ya mashariki, kupitia uwanda uliojaa mabaki ya Guardian zilizokufa, itakufikisha kijiji cha Hateno.

Umbali huu wote utauona si mrefu wala si mfupi, na kuna sababu. Hidemaro Fujibayashi, mwongozaji wa mchezo huu, alichukua ramani ya Kyoto, mji anaoufahamu vizuri, akailinganisha na ramani ya Hyrule ili apime mtu hutembea muda gani kabla ya kukutana na kitu. Hivyo ukiona umetembea dakika kadhaa bila kukutana na jambo lolote, huenda umelipita. Simama ugeuke nyuma.

Baada ya Hateno, hakuna mpangilio ninaoweza kukuamuru. Kwa wageni wengi mkoa wa Lanayru ni mwema zaidi, kwa sababu njia ya kwenda kwa Zora, watu wa majini wanaofanana na samaki, imebanwa bondeni na mvua isiyokatika, huwezi kupanda kuta, na hivyo unajifunza kusafiri kwa barabara na kunyata kupita maadui wenye mishale ya umeme. Ukifika, usiuchukulie wepesi mlima wa Ploymus ulio juu ya mji: kileleni kuna Lynel, dubwana kali sana, na kwa msafiri mpya busara ni kumpita kimya kimya.

Hatua ya 8: Usiku

Siku nzima ya Hyrule ni dakika 24 za saa yako, kila sekunde moja ikiwa dakika moja ya huko. Usiku mifupa huinuka ardhini katika sehemu za wazi, na barabara huwa na taabu zaidi. Moto wa kambi hukupitishia muda lakini haukuponyi. Kitanda hufanya yote mawili. Kwa hiyo kama mioyo imebaki michache na kituo kiko karibu, tembea ufike kitandani, na kama uko mzima na unataka tu mwanga, washa moto ulipo. Mwezi ukichomoza mwekundu, ujue saa sita ya usiku maadui wote uliowashinda watarudi. Kambi uliyoisafisha jana usiipite kesho kwa kujiamini.

Hatua ya 9: Ramani yako mwenyewe

Ukishagusa kihekalu au mnara, unaweza kurudi hapo papo hapo kutoka popote kwa kukichagua kwenye ramani. Tumia uwezo huu kwa kurudi, usiutumie kwa kwenda. Nikihitaji kuuza vitu au kubadilisha matufe, narudi kijijini papo hapo bila kusita. Lakini nikielekea mahali ambako sijawahi kufika, naanzia kituo cha karibu na kutembea kutoka hapo, hata kama kuna kihekalu nilichokigusa karibu zaidi upande wa pili.

Kwenye ramani unaweza kubandika mihuri hadi 100 ya maumbo mbalimbali. Jiwekee kanuni na usiivunje: fuvu kwa adui aliyekushinda, chungu mahali pa kupikia, jani mahali penye mimea adimu, nyota kwa kitendawili ambacho hujakitegua. Baada ya wiki chache ramani hiyo itakuwa na habari ambazo hakuna mchezaji mwingine anazo kwa mpangilio ule ule. Ukiinunua nyongeza ya The Master Trials, iliyotoka tarehe 30 Juni 2017, utapata pia mstari unaochora njia uliyopita kwa saa 200 za mwisho za mchezo, pamoja na zile ulizocheza kabla ya kuinunua. Ufungue mstari huo siku utakayodhani umeimaliza nchi. Utaona mabaka makubwa ambayo mguu wako haujayakanyaga, mengine yakiwa kando kabisa ya barabara unayoipita kila siku. Chagua baka lililo karibu zaidi na kituo cha farasi, funga ramani, panda kilima kilicho jirani yake, na ufungue darubini.